Asili ya Okei

Pangani paliondokea tajiri, Bwana Kitwana, mwepesi wa kualika na mzito wa kulisha. Mgeni akishanawa tu, alimtupia swali la jibu refu. Mgeni alipokuwa akijibu kwa adabu, mdomo mtupu, tajiri alikomba sinia lote.

Zamu ya Chepe, mshona viatu, ilipofika, juu ya pilau alilala kuku mzima.

"Haya, Chepe," alisema tajiri, mkono ukielekea kwenye paja, "hili neno okei asili yake wapi?"

"Uchina, bwana. Maana yake chai imechemka."

Mkono ukasimama. "Uchina! Nani kakudanganya?"

"Jirani yako, Bwasi. Kasema hata wewe hulijui."

Tajiri akawaka. Alieleza Wamarekani wanavyodai ni lao, na Wagiriki, na mabaharia. Akaeleza okei ya kukubali, okei ya kuaga, na okei ya kumfunga mtu mdomo, mikono yote miwili hewani. Chepe aliitikia kwa kichwa tu.

"Umeelewa?" tajiri alihema, akashusha mkono kwenye sinia. Vidole vikagusa mifupa.

Chepe alimeza tonge la mwisho. "Okei, bwana. Sasa mdomo ni mtupu, niulize chochote."