Aliyeuza Mlima Ndawiro

Msema "si wangu" ndiye muuza mlima. Leo mmerushiwa methali hii mbele ya watu, mkacheka, kisha mkaja kwangu kuuliza maana yake. Aliyewarushia hakuwaonea. Tangi la maji la shule linavuja wiki ya tatu sasa, kila apitaye anasema si lake, na nyinyi mmepita mkasema hivyo hivyo. Basi kaeni. Mwenye maharage ya kupukuchua aendelee kupukuchua, masikio hayazuii kazi ya mikono. Methali hii ina mwanzo wake, na ilianzia kwenye adabu njema.

Si zamani za sungura na fisi. Ni zamani za bibi zenu, kabla Ndawiro haujapata jeraha lile mnaloliona upande wa machweo. Wakati huo mlima ulifunikwa na msitu kuanzia kiunoni hadi kileleni, na katikati ya msitu kulikuwa na mwamba uliotoa maji hata mwaka wa njaa. Hapo ndipo wazee walipotambikia mvua ilipochelewa. Hakuna aliyekata kuni mle wala kupiga mluzi. Na hakuna mtu, mdogo kwa mkubwa, aliyethubutu kutamka "mlima wangu." Iliaminika kwamba anayeudai mlima hujitwisha mambo yake yote: mvua ikikosa ni yeye, mbuzi wakifa ni yeye, na watu watakwenda mlangoni kwake kumdai. Kwa hiyo mtoto akiulizwa, "Ndawiro ni wa nani?" alifundishwa kuinamisha kichwa na kujibu, "Si wangu." Aliyejibu upesi alisifiwa kuwa amelelewa.

Wakesho alikuwa amelelewa. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na ushee, mfinyanzi, mwenye mikono mipana na maneno machache. Udongo wake aliuchimba chini ya mlima, penye ule mweusi ambao haupasuki motoni. Vyungu vyake vilipikia harusi na matanga ya vijiji vitatu. Alimpenda mkwewe, aliipenda kazi yake, na kama mngemwuliza kipi hasa anachokiogopa duniani, angesema ni kusemwa na watu.

Siku moja waliopeleka mbuzi malishoni walirudi wakihema. Upande wa machweo kulikuwa na vigingi vyekundu, watu wenye sururu, na mashimo mawili marefu. Walitafuta mawe ya kijani, vito vya kuuzwa ng'ambo. Wiki ya pili miti ilianza kuanguka. Wiki ya tatu maji ya mwamba yakashuka mekundu hadi mitungini, na wanawake wakawa wanasubiri nusu siku yatuame ndipo wapike.

"Nani ameuuza mlima?" Hilo ndilo swali lililozunguka kila jiko. Walimshuku mwanakijiji mmoja, Mwachofi, kwa sababu alinunua baiskeli. Wakamshuku shemeji yake kwa sababu hakununua kitu, na hiyo nayo ikaonekana ni dalili ya ujanja. Ndugu wakaacha kusalimiana. Mwishowe wazee wakaamua jambo lililokuwa halijafanywa kwa miaka mingi: wavunje chungu. Mnajua maana yake? Hufinyangwa chungu kipya, watu wote hukusanyika, mkubwa wa tambiko hukiinua na kumtaja mkosaji, kisha hukipiga chini. Kama kilivyopasuka, ndivyo mkosaji na nyumba yake watakavyopasuka. Si mchezo wa kuigiza ule. Watu walikufa.

Mzee Mwadime, mkuu wa tambiko, alifika mwenyewe kwa Wakesho kukiagiza.

"Nitakifinyanga, baba," alisema Wakesho. "Lakini unajua mwiko wa chungu hicho. Lazima niambiwe ni cha nani."

"Ni cha aliyeuza mlima."

"Hilo ni kosa, si jina. Laana isiyo na jina hurudi kwa mikono iliyofinyanga."

Mzee alitikisa kichwa. "Jina hatulijui, mwanangu. Wewe finyanga. Jina litajitokeza."

Wakesho alikanda udongo, akafinyanga chungu, akakianika kivulini, akakichoma. Kilitoka kizuri kuliko vyote alivyowahi kufinyanga, na hilo lilimtia hofu. Siku moja kabla ya mkutano alijifunga kanga ya safari, akashuka kwa miguu hadi ofisi ya ardhi. Aliwaza kwamba kama kuna muuzaji, basi kuna karatasi, na kama kuna karatasi, kuna jina.

Karani alikuwa kijana mpole. Alimsikiliza, akaenda kabatini, akarudi na jalada.

"Hakuna aliyeuza, mama," alisema.

"Mwanangu, miti inaanguka."

"Inaanguka kwa kibali. Lakini hakuna aliyelipwa. Ardhi yenye mwenyewe hununuliwa. Isiyo na mwenyewe huchukuliwa tu."

"Nani kawaambia haina mwenyewe?"

Karani alifungua jalada. "Mwaka jana alitumwa mpima kuwauliza wote wanaoishi karibu na mlima. Nikusomee?" Akasoma. "Wa kwanza, Mwadime, mkuu wa tambiko. Ameulizwa kama mlima ni wake. Amesema si wangu. Ameulizwa kama anamjua mwenye mlima. Amesema hauna mwenyewe. Ameweka kidole." Akafunua ukurasa. "Wa pili, Mwachofi. Si wangu. Ameweka kidole. Wa tatu..."

Walikuwa kumi na tisa. Wakesho aliwasikia wakipita mmoja mmoja, wazee aliowaheshimu, kila mmoja na adabu yake. Alipofika kwa wa kumi na mmoja karani alisita.

"Hapa hakuna jina. Imeandikwa, mwanamke mfinyanzi, amekutwa akichimba udongo. Amesema si wangu. Ameweka kidole."

Ndipo Wakesho akakumbuka. Bwana mmoja mwenye kofia, aliyemsalimu vizuri, akamwuliza swali ambalo kila mtoto anajua jibu lake. Alikuwa hata ameinamisha kichwa. Kisha yule bwana akampaka wino kidoleni, naye akadhani wanahesabu watu. Aliutazama mkono wake pale mezani, akaona aibu.

"Inaweza kufutwa?" aliuliza.

"Kuna muda wa pingamizi. Zimebaki siku tisa."

"Anayepinga anasema nini?"

"Anasema mlima ni wake. Basi. Nami naandika."

Wakesho alifungua kinywa. Neno lile alikuwa hajalitamka tangu kuzaliwa, na lilikataa kutoka. Aliona mlango wake umejaa watu mwaka wa ukame. Aliona vyungu vyake vimerundikana sokoni bila mnunuzi, kwa maana nani angepikia wanawe katika chungu cha mwanamke aliyejitwisha mlima? Alikaa kwenye benchi mpaka karani akaanza kufunga madirisha. Kisha akarudi nyumbani bila kusema kitu, akilia njiani, wala hakumficha machozi yeyote aliyekutana naye.

Asubuhi watu wote walikuwa chini ya mlima. Mwadime alikipokea chungu, akakisifu kwa macho, akakiinua juu ya kichwa.

"Aliyeuza mlima wa baba zetu," alianza, "yeye na watoto wake na..."

"Kishushe, baba!"

Hakuna mwanamke aliyewahi kumkata kauli Mwadime. Hata mbuzi, nasikia, waliacha kutafuna.

"Kishushe. Ukikivunja utakufa wewe. Nami nitakufa. Na Mwachofi, na wote mnaowaona hapa mbele." Akawaeleza alichosomewa, taratibu, jina kwa jina, bila kumruka mtu. Alipomaliza alisema, "Wa kumi na mmoja ni mimi."

"Uongo!" alifoka Mwachofi. "Mimi sikuuza! Nilijibu kama nilivyofundishwa na baba yangu!"

"Ndiyo. Hata mimi."

Mwadime alikuwa bado amekishika chungu juu. "Nilisema hivyo kwa heshima," alisema. "Nilimheshimu yule mgeni, nikauheshimu na mlima."

"Sote tuliheshimu, baba. Wao wakaandika." Wakesho alivuta pumzi. Mama mmoja, akihisi kinachokuja, alimvuta mwanawe karibu. "Zimebaki siku nane. Kesho nitarudi kule, na nitasema mbele yenu kwanza ili msije mkasikia kwa watu. Ndawiro ni wangu."

Mnong'ono ukaanza, na watu wakajitenga naye, wakamwacha peke yake katikati kama mwenye ugonjwa.

"Unajua ulichojitwisha?" aliuliza Mwadime.

"Najua. Mvua ikikosa, mje mlangoni. Nitafungua."

Mzee alikishusha chungu polepole, akakirudisha mikononi mwa Wakesho kikiwa kizima. Akageuka kwa watu. Uso wake, alisema mama yangu aliyekuwepo, ulikuwa wa mtu aliyezeeka asubuhi hiyo hiyo.

"Mwezi mzima tumemtafuta muuzaji," alisema. "Tumewatazama wenye baiskeli na wasio na baiskeli. Kumbe msema 'si wangu' ndiye muuza mlima."

Siku iliyofuata walishuka kumi na wawili kati ya wale kumi na tisa. Wengine hawakuweza, na msiwacheke. Mwiko uliokuingia pamoja na maziwa ya mama haung'oki kwa hotuba moja. Mwachofi alibaki na "si wangu" yake mpaka akaingia nayo kaburini. Ofisini Wakesho alisema la kwake, sauti ndogo lakini nzima. Mwadime alijaribu mara mbili akakohoa. Mara ya tatu akasema, "Wangu."

"Lakini mzee," karani alisema, "mama huyu amekwisha kusema ni wake."

"Ni wake. Na ni wangu. Andika."

Karani alikuna kichwa, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Ikambidi agundishe karatasi ya pili, na ya tatu. Kesi ilichukua miaka miwili. Wachimbaji waliondoka na mashimo yakabaki, ndilo hilo jeraha. Maji yalikaa mekundu misimu mitatu, kisha yakarudi, machache kuliko ya zamani. Sitawadanganya kwamba yalirudi yote.

Na mvua? Mwaka uleule wa pingamizi ilichelewa wiki sita. Mtama ulikauka ungali mchanga. Watu walivumilia, wakanung'unika, na asubuhi moja wakafanya kile kile ambacho Wakesho alikuwa akikiogopa: wakakusanyika, wakaenda mlangoni kwake. Walikuwa wengi na walikuwa na njaa. Naye aliwasikia wakija, akajifunga kanga, akatoka kufungua kama alivyoahidi.

Alikuta mtu amekwisha kukaa kizingitini, mgongo umeuelekea mlango wake, fimbo magotini. Alikuwa Mzee Mwadime. Hakumgeukia Wakesho. Aliwatazama wale waliokuja, akawaambia, "Mnamtafuta mwenye mlima? Anzeni na mimi." Mmoja wa wale kumi na wawili akatoka katika kundi la wadai, akaja akakaa kando yake. Akaja na mwingine. Walipokaa saba, waliobaki hawakujua tena wamdai nani, wakarudi makwao.

Mvua ilinyesha siku ilipotaka yenyewe. Na tangu mwaka huo, ukimwuliza mtoto wa huku Ndawiro ni wa nani, hainamishi kichwa. Anakutazama machoni na kusema, "Wangu," kwa maana amekwisha ambiwa, kama nilivyowaambia: msema "si wangu" ndiye muuza mlima.