Kwa Nini Makipa wa Mlimani na Bondeni Hupishana Uwanjani

Zamani, kabla lami haijapanda juu, vyuo vya Mlimani na vyuo vya Bondeni vilikuwa na ligi mbili zisizosalimiana. Mlimani walikuwa na nguvu, wakikimbia ndani ya ukungu kama watu wanaoelea. Bondeni walikuwa wachache, na kila kijana wao aliyeonyesha kipaji alichukuliwa juu kabla msimu haujaisha.

Aliyewachukua ni Mwalimu Senzota, kocha wa Mlimani. Alikuwa mtu wa sala, ila sala yake ilichanganyika na kiburi. Kila mwaka aliwaita Bondeni mara moja, akawafunga mabao yasiyohesabika, watu wakazomea. Nami nilizomea, Mungu anisamehe.

Mwaka mmoja Bondeni hawakupanda. Mlimani wakabaki kucheza wao kwa wao, nyuso zile zile, mpaka watazamaji wakaacha kuja na ukungu ukakaa uwanjani kama mwenye nyumba. Mkuu wa chuo chenye uwanja ule akasema, uwanja usio na mchezo ulimwe kabeji. Senzota akawatazama vijana wake, akaona uwanja unapotea, na wao wanapotea.

Akateremka kwa miguu. Njiani mawingu yalimfunika, asijue kama anatembea au anaota. Alipotokea juani, alimkuta Bi Nakijwa, mlezi wa timu ya Bondeni, akishona jezi.

"Karibu, mwalimu. Umemfuata nani safari hii? Amebaki kipa tu."

"Sikumfuata mtu, dada. Nimekuja kuomba mchezo, la sivyo uwanja wetu utalimwa kabeji. Niliwakosea."

"Kukosea umekosea." Akakata uzi kwa meno. "Sasa sikia. Kipa wako hulala golini, ukungu ndio shuka yake. Wangu hana nafasi hata ya kufuta jasho. Kipindi cha pili tubadilishane. Hutaki, kalime kabeji zako."

Kumtoa kipa wake kulimuuma Senzota kama kung'olewa jino. Mwishowe akasema, "Haya, dada. Nimekubali."

Siku ya mchezo ukungu ulikuwa mzito, mpira ukionekana kama unazaliwa hewani. Kipindi cha kwanza Mlimani walifunga watakavyo. Cha pili, Kallaghe, kipa wao, akaenda kusimama lango la Bondeni, akaonja kwa mara ya kwanza mashuti ya wenzake. Aliruka, akaanguka, akapangua, akicheka peke yake ndani ya weupe ule. "Kumbe ndivyo mnavyopiga, jamani!"

Lango la Mlimani, Mdoe, kipa wa Bondeni, alisimama kimya akisikiliza ndege. Wenzake, walipoona nyuma yao Kallaghe analinda, wakathubutu kwenda mbele. Wakapata bao moja. Walimfunga Mdoe wao wenyewe, naye akawa wa kwanza kushangilia. Watazamaji wakatazamana; hawakujua wamzomee nani. Senzota alijikuta amesimama, macho yamelowa, akipiga makofi.

Toka mchezo ule ligi hizo mbili hufungua msimu pamoja, na hakuna anayemchukua kijana wa mwenzake. Kipenga cha mapumziko kikilia, makipa hupishana katikati ya uwanja, kila mmoja akienda kulinda lango la timu nyingine.

Basi wewe unayenisikiliza, ukienda kuwatazama, wakati ule wanapopishana usipige kelele. Nakuomba, waache wapite.