Kwa Nini Chungu cha Togwa Hukaa Mwisho wa Shamba

Kulikuwa na zama ambazo walioitwa kulima walinyweshwa togwa kabla jembe halijagusa udongo. Ulikuwa ukarimu, na ulikuwa ujinga. Watu walikunywa, wakashiba, wakamsifu mpishi, kisha wakatafuta kivuli. Msicheke, hao ndio mababu zenu.

Mwaka mmoja mawingu yaliwahi. Atuganile, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa hajalima hata hatua kumi, na ukiacha mbegu, ghalani ulibaki ulezi wa kupikia togwa mara mbili tu. Mvua ingemkuta hivyo, wanawe wangekaa na njaa mwaka mzima. Akaita majirani, akawanywesha. Wakalala.

Kesho yake akaahidi jogoo wake kwa atakayetangulia kumaliza ngwe, yaani kipande alichopimiwa. Lo, vumbi lilitimka! Mwakajila, shemeji yake mwenye mikono mirefu, akamaliza jua likiwa bado changa, akamkamata jogoo. Wengine walipoona jogoo ameshapata mwenyewe, wakatia majembe begani, wakaenda zao. Mjane akainama kutazama ngwe ya mshindi.

"Shemeji, mbona umekwaruza tu?"

"Uliahidi jogoo kwa wa kwanza," alijibu bila haya. "Habari za kina hukuzitaja."

Atuganile alilia, hilo silifichi. Kisha akapika togwa ya mwisho. Ilipokuwa tayari akawaita tena, akajitwika chungu hadi ukingo wa mbali wa shamba, akaketi kando yake na mwiko mkononi.

"Jamani, leo hanywi mtu mpaka wa mwisho afike hapa. Na palipokwaruzwa patarudiwa."

Mwakajila alifika wa kwanza, akanyoosha mkono kuchukua kata. Akachapwa mwiko. Akageuka nyuma: mzee Kasyupa alikuwa bado katikati, anakohoa. Kiu ilikuwa imemkaba Mwakajila. Akaguna, akaingia kwenye ngwe ya mzee, akaanza kulima kumfuata.

"Lima, babu, lima! Togwa inachacha!"

Wenzake wakacheka, nao wakarudi kuwapokea waliochelewa. Alasiri shamba zima lilikuwa jeusi, na matone ya kwanza yaliwakuta wakipokezana kata. Mwaka huo wana wa Atuganile walishiba.

Na tangu siku hiyo chungu hukaa mwisho wa shamba, na anayemaliza ngwe yake haketi. Hurudi kumpokea mwenzake. Kwa hiyo mtu akikulimia huku anakukemea, usimkasirikie. Ana kiu.