Nafasi Iliyorudishwa

Mbacha ni mkeka mkuukuu uliolika kingo, lakini ndio unaoulalia. Msala ni mkeka mzuri, ila ukiuona kwapani mwa mpita njia, ujue una mwenyewe. Wahenga walituasa tusiutupe ule kwa kuutamani huu. Binti mmoja wa fundi viatu aliyajua maneno hayo tangu shuleni, hata akayaandikia insha akasifiwa mbele ya darasa. Lakini kujua si kufuata.

Mtaani walimwita Daktari, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akiwafunga bendeji kuku waliovunjika miguu. Mama yake alikwisha kutangulia mbele ya haki, na baba yake alishona viatu katika kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa duka la saruji. Binti alipomaliza sekondari, chuo cha uuguzi kilichokuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kilimpa nafasi. Karo ilikuwa mlima. Mkuu wa chuo, mama mmoja mkali kama pilipili, alimpigania mpaka akampatia ruzuku ya nusu. Nusu iliyobaki angeilipa kwa kuosha vyombo vya maabara kila alasiri, na baba aongezee kidogo kidogo.

"Si haba," alisema baba, huku akigongea msumari kwenye kisigino. "Kuosha chupa hakujamwua mtu."

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya chuo kikuu. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari. Ruzuku ilikuwa robo tu. Iliyobaki aombe mkopo. Daktari aliisoma barua ile mpaka ikalegea kwenye mikunjo.

Mjomba wake, dereva wa mkubwa fulani, ndiye aliyechochea kuni. "Mpwa wangu, wewe ni wa kuosha chupa? Mkopo nimekwisha kuusemea. Jina lako limo kwenye orodha, kuna mtu kaliona kwa macho yake."

"Wewe umeliona?" aliuliza baba.

"Shemeji, kuona na kuambiwa na aliyeona kuna tofauti gani?"

Baba akanyamaza. Hakutaka siku moja aambiwe kuwa ndiye aliyemfungia mwanawe mlango.

Daktari alikwenda kurudisha nafasi yake. Mkuu wa chuo alivua miwani, akamtazama. "Mkopo umetoka?"

"Uko njiani, mama."

"Basi ngoja ufike. Nakupa siku kumi, nafasi yako haiguswi."

Daktari aliona haya kuonekana anayumba, na moyoni alikwisha kulivaa koti jeupe. Akatia saini siku ileile.

Huko chuo kikuu hakusajiliwa, kwa kuwa hakuwa na karo. Alilala sakafuni katikati ya vitanda viwili vya wenyeji wake, wasichana aliosoma nao zamani. Darasani alikaa safu ya nyuma kabisa, akiandika kila neno huku akiinamisha kichwa kila majina yalipoitwa. Alikula mara moja kwa siku. Wiki ya tano orodha ya mikopo ikabandikwa ukutani. Aliisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Jina lake halikuwemo.

Mjomba hakupokea simu mpaka kesho yake. "Yule mtu alichanganya majina, mpwa wangu."

"Sasa nifanyeje, mjomba?"

"Tumwombe Mungu."

Karani wa usajili alimweleza kwa upole kwamba nafasi haiwekwi akiba. Mwakani aombe upya kama wengine. Daktari akafunga sanduku lake, akarudi, na kabla hata ya kufika nyumbani akapitia chuo cha uuguzi.

"Ile nafasi imepata mwenyewe," mkuu wa chuo alimwambia. "Na ruzuku imekwenda naye. Nilikupa siku kumi, mwanangu."

Baba alipoliona sanduku, alisogeza viatu vya wateja binti apate kupita. Walipokwisha kula ndipo aliposema, "Mimi ndiye niliyenyamaza."

"Nilitia saini kwa mkono wangu, baba."

Mwaka uliofuata aliomba kotekote. Chuo kikuu hakikumjibu, na chuo cha uuguzi kilimpa nafasi bila ruzuku, sawa na kumwonyesha mwenye njaa sufuria iliyofunikwa. Akapata kazi ya usafi hospitalini. Jumatatu moja wanafunzi wa uuguzi waliletwa wodini kujifunza kazi, wamevaa sare mpya, madaftari mkononi.

"Samahani dada, tupishe kidogo," alisema mmoja wao.

Daktari alivuta ndoo, akajibana ukutani mpaka wakapita wote. Kisha akainama, akapiga deki pale walipokanyaga. Hakuna aliyemnyang'anya chake, alikitoa mwenyewe. Ndiyo maana watu wazima wakasema: usiache mbachao kwa msala upitao.