Kesi ya Talaka kwa Sheria za Mbuzi

Hapo zamani, enzi za vilemba virefu na akili fupi, palikuwa na Sultani jina lake Zahoro, na mkewe Bi Mwanatumu, aliyekuwa amemchoka mumewe huyo toka utosi hadi ukucha. Sultani alimfungia ghorofani miaka mingi. Hata mamake Bibi alipofariki, mazikoni hakumruhusu kwenda. Hapo Bibi akasema basi, nataka talaka, na mahari yake namrudishia yote. Sultani akakataa katakata.

Mawakili wa mambo ya ndoa wakaugua wote asubuhi ya kesi, huyu jino, huyu tumbo. Ikawa hakubaki mjini ila Shekue, fukara hohehahe, ambaye maisha yake yote alitetea kesi za mbuzi waliokula mihogo ya watu. Sultani alifurahi mno. Akamwita barazani akamwambia, "Utamtetea Bibi. Lakini sheria za ndoa hukuzisoma, basi ni marufuku kuzitamka hapa. Tumia hizo zako za mbuzi. Ukishindwa, kichwa chako halali yangu."

Shekue akajisemea, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Akauliza kwa adabu, "Seyyid yangu, Bibi huyu ni wako?"

"Ni wangu, kama mbuzi wangu wa zizini."

"Nimesikia, na baraza limesikia. Basi sheria ya mbuzi, mchana hufunguliwa akale."

Sultani akacheka, akaamuru mlango ufunguliwe. Maskini, hakujua alifungualo.

Bi Mwanatumu akashuka sokoni, Shekue nyuma na fimbo ya uchungaji. Akala sinia zima la halua. Akajitwisha kanga za watu, akavunja vyungu vya mfinyanzi kwa raha zake tu, akacheka hata machozi yakamtoka, maana alikuwa keshasahau kucheka. Kila mwenye duka alipokuja juu, Shekue alimjibu kwa upole kwamba mbuzi hana hatia, hulipa mwenye mbuzi, nenda kwa Sultani. Baraza likafurika wadai. Mwisho Bibi naye akaingia, akaketi kwenye kiti cha enzi, akavuta ncha ya kilemba cha mumewe, akaanza kuitafuna taratibu.

Sultani akaruka. "Bibi, huna haya? Wewe ni mtu, si mbuzi!"

Shekue akainama, paji likagusa mkeka.

"Seyyid yangu umehukumu. Mbuzi ana mwenyewe. Mtu ni mwenyewe. Na mtu akiomba talaka, hujibiwa."

Sultani akautazama umati, akakitazama kilemba kilivyolowa mate, na kicheko kikamponyoka asiweze kukizuia. Akatamka talaka mbele ya mashahidi, akalilipa soko, akamzawadia Shekue punda na tandiko lake. Bi Mwanatumu hakungoja kicheko kiishe. Alitokea mlango wa mbele, pasi na mtu nyuma yake, akenda zake. Na hekaya nayo imekwenda zake.