Kikapu cha Mirto

Paukwa!

Pakawa.

Kalunguyeye?

Ana miiba.

Na mfalme?

Ana njaa.

Basi, hapo kale huko Uyunani, nchi ya mizeituni, alitawala Dubu. Tini zikiiva, anakula Dubu. Asali ikirinwa, analamba Dubu. Wengine wanameza mate.

Kila sikukuu wasichana wa nyumba zenye heshima walibeba vikapu vya tini mbele ya msafara. Siku ya kuwachagua, Mirto, dada yake Kalunguyeye, alijipamba akaenda na kikapu chake. Dubu akamtazama, akacheka mbele ya wote.

"Wewe hufai. Rudi kwenu."

Mirto akarudi analia. "Kaka, mimi sitoki nje tena."

Kalunguyeye alimpenda dada yake. "Utatoka. Nipe hicho kikapu."

Asubuhi ya sikukuu akakiburuta, puru puru, mpaka kwenye vikapu vya wengine, vya kupelekewa Dubu. Akajikunja ndani, akajifunika tini. Askari wakapekua. Kisu hakuna, kipite. Mkuki hakuna, kipite.

Dubu hakuwa na desturi ya kutafuna. Kikapu hiki, gubu. Kikapu kile, gubu. Cha Mirto, gubu... kha. Kha. Khaaa. Akaanguka, puu, akafa. Kalunguyeye akajitoa kinywani, amelowa mate, akakimbilia kichakani.

Wanyama wakashangilia mpaka mchana. Jioni mdogo wake Dubu akakalia kiti. Yeye alikuwa na njaa na hofu pia, akawa mbaya kuliko kaka yake. Sikukuu akazifuta. Mirto akabaki ndani.

Mwishowe walikuja mbwa wa nchi jirani wakamfukuza. Lakini nani atawaambia watoto wake kwamba amekombolewa na mbwa wa watu? Ni aibu. Kwa hiyo wanyama wakasema, "Aliyetukomboa ni Kalunguyeye." Wakamchongea sanamu, ndefu, ina kifua na upanga. Miiba hawakuiweka, ilikuwa inakatika.

Kalunguyeye akamleta Mirto atazame.

"Huyu nani?" Kalunguyeye akamuuliza mchongaji.

"Kalunguyeye, aliyeua kwa ajili ya uhuru wetu."

"Aliua kwa ajili ya kikapu cha dada yake."

"Mzee, usituharibie wimbo."

Wakaimba. Ulikuwa wimbo mzuri, hata Kalunguyeye machozi yalimlenga. Mirto akasikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, na mimi nimo humo?"

Kalunguyeye akamshika mkono. "Hapana, dada, humo."

Mirto akajitanda shuka yake usoni, akarudi nyumbani, akafunga mlango.

Hadithi imeishia hapo. Utamu wake chukueni, uongo wake niachieni mwenyewe. Na funzo lake, watoto, ni hili: tafuneni chakula vizuri kabla ya kumeza.