Mkulima Aliyekuwa Akichagua Tende

Mtu mmoja alikuwa na mitende kumi na miwili na hamu moja. Mwiteni Mirdasi. Msimtafute katika vitabu vya wapokezi wa hadithi, kwa kuwa huu ni mfano tu, na mfano haumtafuti mtu wa zamani, humtafuta anayesikiliza.

Kijiji chake kilikuwa kaskazini ya Madina, mwendo wa siku moja kwa punda. Ukitoka baada ya swala ya alfajiri, unafika jua linapoanza kuinama. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa hai wakati huo, akitembea kwa miguu yake katika njia za mji ule. Mirdasi alikuwa amesilimu mbele ya mwalimu aliyepita kijijini mwao akiwasomesha watu Qurani. Mwalimu alikaa nao miezi miwili, na kila jioni Mirdasi alimwandama kwa maswali. Akicheka, hucheka vipi? Akitembea, hutembea vipi? Mtoto akimkimbilia, hufanya nini? Mwalimu alipoondoka alimwachia sura chache alizozihifadhi na moyo usiotulia.

Kwa kuwa kijiji kilikuwa kaskazini na Makka iko kusini, kila Mirdasi alipoelekea Makka kuswali, alikuwa ameielekea na Madina. Mara tano kwa siku uso wake ulitazama huko. Akishatoa salamu alibaki kitako, akiitazama njia inavyopotelea kwenye mawe meusi. Alimpenda mtu ambaye hajapata kumwona. Hilo si jambo dogo, na asitokee mtu hapa wa kumcheka.

Ilikuwa desturi ya watu wa Madina na wa mashamba ya karibu kumpelekea Mtume matunda ya mwanzo ya msimu. Mirdasi aliijua desturi hiyo, akaazimia kwamba hatakwenda kumwamkia mikono mitupu. Mwaka aliosilimu alipanda chipukizi la mtende wa mbegu bora karibu na kisima, akaweka nia kwamba tunda la kwanza la mtende huo ndilo atakalolibeba. Siku hiyo ndiyo atakayouona uso wake. Mitende mingine ilikuwa ya kula yeye na mkewe.

Jirani yake Kharija hakuwa na subira ya namna hiyo. Alikuwa na mitende minne, yote dhaifu, na msimu uleule wa kwanza alichuma viganja viwili vya tende, nusu yake bado ngumu. Akazifunga kwenye kilemba chake kikuukuu, akaja kusimama mlangoni kwa Mirdasi.

"Twende, ndugu yangu."

"Na hizo?" Mirdasi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kharija, hizo hata mbuzi wangu angezitema! Huoni haya?"

"Haya naona," Kharija alisema. "Lakini hamu imenishinda."

Alikwenda peke yake. Aliporudi hakusimulia mengi. Alikaa kizingitini akitabasamu, siku tatu nzima, mpaka mkewe akamgusa paji la uso kutazama kama ana homa. Mirdasi alimwona, na wivu ukamchoma, lakini alijipoza kwa kuutazama mtende wake mchanga. Alijiambia kwamba zamu yake inakuja, na itakuwa zamu ya heshima.

Mkewe, Jumana, ndiye aliyeanza kuona hatari. Alimwambia achume za mtende wowote aende, kwani safari yenyewe ni ya siku moja tu.

"Mkono mtupu haulambwi," alijibu Mirdasi.

"Nani kakwambia uende mtupu? Mitende kumi na miwili hiyo! Mume wangu, ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Jumana, mtu kama yule haendewi hivi hivi."

Alisema kwa upole na kwa mapenzi ya kweli.

Mwaka wa nne mtende ulizaa. Kole, yaani kishada cha tende, lilikuwa moja, jembamba, tende zake ndogo ndogo. Mirdasi alizionja, akatikisa kichwa. Zilikuwa tunda la kwanza, kama alivyoweka nia, lakini hazikufanana na alichokiona moyoni. Akasema mwakani. Mwakani wakaja nzige. Mwaka uliofuata tende zilikuwa tamu, ila mvua iliyonyesha si wakati wake ilizitia madoa, na Mirdasi aliyatazama madoa yale kama kwamba yako usoni pake. Kila msimu mtu mmoja au wawili wa kijiji walikwenda Madina na vikapu vyao vya ovyo, wakarudi na macho mengine. Wakafika saba.

Mwaka wa saba haukuwa na kasoro. Mirdasi mwenyewe ndiye aliyepanda juu ya mtende wakati wa maua, akachukua ua la mtende dume na kulitia ndani ya ua la jike, akalifunga kwa ukindu. Joto lilipokolea, makole yalishuka mazito, na majirani walikuja kutazama. Tende za kwanza zililainika. Jumana alileta kikapu kipya, ndani amekitandika majani mabichi, akakiweka miguuni pake.

"Leo," alisema.

"Wiki hii zitalainika nyingine, kubwa zaidi. Nitachagua."

Akachagua siku kumi. Kila asubuhi alipanda, akachuma moja hapa, tatu pale, akazigeuza juani, akazipanga kikapuni. Tende laini haikai. Ilipofika siku ya nne, za kwanza zilikuwa zimeanza kuchacha, akazitoa akatia mpya. Siku ya saba akatoa tena. Hakuona kwamba alikuwa akijaza kikapu kisichojaa. Furaha ilikuwa imemvaa, usingizi hauji, na midomo yake ilikuwa ikijifunza salamu atakayoitoa akifika.

Siku ya kumi na moja alitoka na punda wake baada ya alfajiri. Njia nzima alikiwekea kikapu kivuli kwa nguo yake mwenyewe, akaungua mgongo yeye. Alipoingia Madina alishangaa jinsi mji ulivyo kimya. Watu walikuwako, lakini walipita wameinamisha vichwa, na hakuna aliyeuliza mgeni anatoka wapi. Bibi mmoja alikuwa ameketi mlangoni, mtungi mtupu kando yake, na inaonekana alikuwa amesahau kwamba ametoka kuteka maji.

"Asalaam alaykum, mama. Msikiti wa Mtume uko upande gani?"

Bibi aliitika salamu. Akakitazama kikapu, akamtazama na yeye, akaelewa.

"Mwanangu," alisema, "juzi tumemzika."

Mirdasi hakulia mara moja. Aliketi chini pale pale mchangani, akaifunua ile nguo, akamwonyesha zile tende kama mtu anayetaka shahidi. Akasema kwamba alikuwa akizichagua. Akasema kwamba amekuwa akizichagua miaka saba.

Bibi aliitwaa moja, akaishika kiganjani bila kuila.

"Tende nzuri," alisema. "Lakini sisi tulimpelekea zilizotangulia, mwanangu, si zilizopendeza. Alikuwa akilipokea tunda, anatuombea baraka, kisha anamwita mtoto mdogo kuliko wote waliokuwapo, anampa. Wewe ulidhani anangoja kula?"

Hapo ndipo alipolia, na alilia vibaya, mtu mzima, mbele ya punda wake na mbele ya wapita njia. Kikapu alikiacha pale kwa bibi awagawie watoto wa mtaa. Alikwenda msikitini, akaswali na watu. Jicho la mkulima halina pumziko, na hata katika msiba ule aliona kwamba nguzo za msikiti ni magogo ya mitende ya kawaida, moja limepinda, jingine bado lina makovu ya makuti yaliyokatwa. Hakuna aliyeyachagua. Yalikuwa karibu, yakachukuliwa, na sasa yamebeba paa.

Baada ya swala aliwauliza watu, mmoja mmoja, uso wake ulikuwaje. Kila aliyeulizwa alianza kueleza, akafika mahali, akashindwa.

Mirdasi alirudi kwake akaishi miaka mingi. Alikuwa mtu mwema, nami sisemi alipotea. Mungu humlipa mja kwa nia yake. Lakini hamu yake haikupata pa kukaa. Uso aliokuwa akiuelekea mara tano kwa siku haukuwako tena mwisho wa njia ile, na aliendelea kuitazama njia. Kikaja kizazi kingine, na vijana wakawa wanakuja kijijini kutoka mbali kuuliza habari. Siku moja walikusanywa wazee, na kijana mmoja akauliza ni nani kati yao aliyemwona Mtume kwa macho yake. Mikono saba iliinuliwa. Wa Kharija ulikuwa wa kwanza. Mirdasi, aliyempenda pengine kuliko wote saba, alibaki na mikono yake magotini, akasogea nyuma, akaketi pamoja na vijana apate kusikiliza.

Jamani, kuna mlango uliofungwa mara moja, na kuna mlango ambao haujafungwa hadi saa hii. Nawajua walio nje yake. Huyu atasali akishaacha tabia fulani, yule atatubu akishatulia, mwingine anaona haya kusimama na moyo alio nao leo, anangoja apate moyo mzuri zaidi. Wote wanampenda Mola wao, nami nawasadiki. Basi wewe unayejisafisha kwanza ndipo uende, ni nani aliyekwambia kwamba huko wanapokewa walioiva tu?